Mipini Miwili Iliyorudishwa Kambu

Ndinda, mwanaaitu, mtoto wa mama yangu,

Hushiki simu zangu, kwa hivyo nakuandikia hapa mahali watu wote wanasoma, hata wale wa kanisani wanaonijua kama dada mpole anayeongoza maombi ya Jumatano. Wasome tu. Nina wivu, na wivu wenyewe ni juu yako wewe, tangu siku mikono yako ilipoipita yangu. Kuna uongo niliokwambia pale kibandani, ukauamini, ukaacha kazi uliyoipenda. Leo nautoa wote, lakini ngoja kwanza nikukumbushe tulikotoka, maana bila hiyo utaniona mbaya kuliko nilivyo.

Baba alipotuachia kile kibanda hapa Kambu, kilikuwa kimejaa twiga wa mbao ambao hakuna mtalii aliyewataka tena. Kila asubuhi tulikuwa tunawapangusa vumbi la malori na kuwarudisha palepale. Halafu akaja Mwalimu, yule mstaafu anayewapeleka wageni kuvua samaki mto Athi, ameshika fimbo ya kuvulia iliyovunjika mpini. Akatuuliza, "Nyinyi watoto wa mchongaji, hii mnaiweza?" Mpini wenyewe ulikuwa wa vizibo, vile vya chupa za waini, vimekatwa vipande, vikatobolewa katikati na kuvishwa kwenye fimbo kimoja baada ya kingine kama shanga, kisha vikagandishwa kwa gundi na kulainishwa. Nikajibu tunaiweza. Ni mimi niliyejibu, Ndinda. Wewe ulikuwa unanikanyaga mguu chini ya meza.

Ni mimi pia niliyezunguka kwenye mahoteli ya barabarani kuomba vizibo mpaka mabawabu wakaniita Mama Chupa. Ni mimi niliyeng'oa kichwa cha cherehani ya mama, nikafunga mkanda kwenye chuma cha kushikilia fimbo, ili ukikanyaga pedali fimbo izunguke na msasa ufanye kazi yake. Mama hakuniongelesha siku mbili. "Na nguo tutashona na meno?" aliniuliza siku ya tatu, na wewe ukacheka mpaka ukatoka nje.

Nikakufundisha. Nilikwambia, "Fimbo inakwenda ikinenepa, kwa hivyo tundu la kila kizibo lifuate unene wa pale litakapokaa. Chukua tupa nyembamba, sugua kwa mkono, kidogo kidogo, kimoja kimoja. Usitoboe matundu makubwa halafu ukajaza gundi." Ukasema, "Sawa, dada." Kila kitu kwako kilikuwa "sawa, dada", mpaka adabu yako ikawa inanichosha.

Lakini kazi yenyewe, ile inayomtambulisha fundi, iko mwishoni mwa mpini. Kile kitako. Ndicho kinachoingia kiganjani, ndicho mtu anachoegemeza tumboni akivutana na samaki. Ukiacha kona, kinamchubua. Ukikilainisha kupita kiasi, kinamponyoka. Mimi nilikuwa natengeneza kitako kizuri, na nasema hivyo bila aibu. Wewe ukaja na mambo yako. Mteja akifika, unamsalimia na kuushikilia mkono wake kama mchungaji mlangoni Jumapili, unamuuliza habari za watoto, habari za mvua, kumbe unapima kiganja. Akienda, unafumba macho, unakanyaga pedali, unasugua, unasimama, unakishika, unasugua tena. Nyusi zako zilikuwa zinajaa vumbi la kahawia. Na siku mteja anaporudi na kuishika fimbo yake, anacheka peke yake. Kwangu walikuwa wanasema asante. Kwako walikuwa wanacheka. Wueh! Kile kicheko kilinikosesha hamu ya chakula.

Unakumbuka siku ule msasa laini ulipopotea? Niliuficha mimi, kwenye debe la mahindi. Ukautafuta asubuhi nzima, ukakosa, ukamalizia kazi kwa kipande cha gunia, na kitako kikatoka kizuri kuliko vyote. Aki nilitamani kukupiga. Badala yake nikakwambia, "Si mbaya." Baada ya hapo Mwalimu alikuwa akileta fimbo anaanza kwa kuuliza, "Yuko wapi yule mwingine?" Yule mwingine! Mimi niko mbele yake na aproni, na tupa mkononi, na mimi ndiye mkubwa.

Sasa sikiliza. Ile wiki ulipokwenda Ikutha kumwona shangazi, Mwalimu alirudisha fimbo mbili. Mipini yake ilikuwa imelegea. Ukiishika fimbo, mpini unazunguka wenyewe na fimbo inabaki ilipo. Mgeni mmoja alipoteza samaki mkubwa kwa sababu hiyo, na Mwalimu aliaibika mbele ya watu wake. Aliziweka mezani, akasema nizirekebishe, akaondoka bila hata kunywa chai. Uliporudi ukauliza zile fimbo mbili zimefuata nini. Nikakwambia, "Ni zako. Zimerudishwa."

Ukaomba kuiona mipini. Nikakwambia nimeshaikwangua na kuichoma jikoni, sikutaka uione, nilikuwa nakuficha aibu. Kuikwangua niliikwangua kweli, na kuichoma niliichoma, kwa sababu ungeitazama mara moja tu ungejua ni kazi ya nani. Ilikuwa yangu, Ndinda. Yote miwili. Nilikuwa na haraka ya kukushinda kwa idadi, nikatoboa matundu makubwa kwa drili, nikamimina gundi, nikafunika kwa kitako kizuri.

Na wewe unajua ulifanya nini? Ulinishika bega ukasema, "Pole dada, nimekuangusha." Ungenitukana ningelala vizuri. Mwisho wa mwezi ule ukafunga begi, ukaenda mjini Wote kuuza sare za shule kwenye duka la watu. Nilikusindikiza hadi stage nikiwa nimebeba begi lako, na ukiniuliza kama nilihuzunika, nitakujibu kwamba nilihuzunika hadi gari lilipoondoka. Kisha nikarudi kibandani nikatandaza vitu vyangu meza nzima.

Hata huko sikukuacha upumue. Nilikuwa nakupigia kukuhesabia oda, leo fimbo tatu, leo nne, leo mgeni kanipiga picha. Nilikuwa nasubiri nisikie sauti yako ikishuka. Ndipo ukaacha kushika simu, na hata hapo nikasema moyoni, kaona wivu. Mimi!

Mwalimu hakuacha kukuuliza. Mwishowe nikachoka, nikampa fimbo niliyotengeneza mwenyewe, nikamwambia Ndinda alikuja wikendi akaifanya. Akaishika, akacheka peke yake kile kicheko chenu, akasema, "Ndiyo huu sasa, mkono wa Ndinda." Nilikaa kwenye kiti nikashindwa kujua kama nifurahi au nitapike. Wiki tano hazikuisha, akairudisha, mpini umelegea. Hakupandisha sauti. Alisema, "Nimesahihisha madaftari miaka mingi. Mtoto akinakili ya mwenzake, namjua. Za Ndinda hazilegei."

Alipoondoka nikaangua ile fimbo yako ya mwisho, ile uliyoiacha ikining'inia kwenye msumari karibu na kalenda. Nikachukua kisu nikaupasua mpini wako kwa urefu, kutoka mbele hadi kitakoni. Nilitaka kuona unaficha nini humo. Nilikuwa nimejiambia kuna dawa unaweka, kuna gundi uliipata mahali, kuna ujanja Mwalimu alikuonyesha akaninyima mimi. Ukafunguka vipande viwili. Kila kizibo kilikuwa kimekumbatia fimbo sawasawa, hakuna pengo, hakuna donge la gundi, na ndani ya kila tundu kulikuwa na alama ndogondogo za tupa. Hata vile vya katikati, ambavyo hakuna mtu angewahi kuviona. Hakukuwa na kitu humo ambacho sikukufundisha mimi. Nilikaa chini kwenye vumbi nikakuchukia zaidi, nakwambia ukweli, kwa sababu ulinisikiliza kuliko nilivyojisikiliza mwenyewe.

Sitaki useme nimeokoka na wivu. Nimeuombea, nimefunga, nimelia mbele ya madhabahu kwa sababu nyingine ya kusingizia, na bado uko. Nikifikiria mtu akicheka kwa kazi yako naumwa hapa chini ya mbavu. Lakini pia nakaa kibandani na hakuna wa kunikanyaga mguu chini ya meza nikisema upuuzi, na wewe unapimia watoto wa watu mashati huku mikono hiyo ikisahau.

Juzi Jumanne Mwalimu alikuja tena. Kuna kambi mpya ya wavuvi ng'ambo ya mto, upande wa Kitui, na wanataka fundi wa kukaa nao na kuwatengenezea fimbo zote, kila mgeni na kiganja chake. Wanamtaka mmoja. Hakujizungusha. "Nipe namba ya Ndinda," akaniambia, na kalamu tayari iko mkononi.

Nikamwambia kwanza ile mipini miwili ilikuwa ya nani. Alinitazama, akasema tu, "Nilidhani hivyo." Kisha nikamtajia namba yako, naye akaandika. Namba ya mwisho nikamtajia saba badala ya tatu. Makusudi, Ndinda. Akashukuru, akakunja karatasi, akavuka barabara kutafuta boda.

Nilimtazama akipanda. Nilimtazama akiweka ile karatasi mfukoni. Halafu nikajikuta nakimbia, na aproni yangu na vumbi lote lile, malori yakinipigia honi, mwanamke mzima napiga kelele jina la Mwalimu katikati ya barabara ya Mombasa. Nikamwambia ni tatu. Akaniuliza, "Una hakika sasa?" Nikasema, andika upesi kabla sijabadilisha.

Atakupigia. Ya kwake, shika. Yangu unaweza kuiacha ilie hadi siku utakayotaka.

Dada yako mkubwa,
fundi wa ile mipini miwili.