Bwana Jibu na Mlango wa Ghorofa ya Pili

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu, na kwamba kifua cha mtoto kimeacha kuwakeshesha. Mimi ni mzima. Habari za nyumbani nitakupa zote, ila nivumilie nizipange kwa utaratibu wangu, maana nikianzia mwisho hutasoma katikati. Kwa simu ungenikatiza, na sauti yangu ingekwambia mambo kabla mdomo haujawa tayari.

Barua yako ilifika. Uliniambia kwamba siku hizi unakusanya simu za wanafunzi wako pale chuo cha ufundi na kuzitia kwenye ndoo mlangoni mwa darasa, maana umechoka kusahihisha kazi zilizoandikwa na akili bandia, zote zimefanana kama matofali ya kalibu moja. Ukaniuliza sisi mafundi wa lifti tunaishi nayo vipi, na kama unakosea. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu. Leo najibu, na kicheko sina.

Hospitalini tuko mafundi wawili: mimi, na mwenzangu tunayemwita Mwendokasi, kwa kuwa hata chai huinywa akitembea. Kampuni ilipotuwekea hiyo akili bandia kwenye simu za kazini, yeye ndiye aliyeipa jina la Bwana Jibu, kwa sababu haijawahi kukosa la kusema. Yeye akaiamini kama mama mzazi, mimi nikaipuuza, na wote wawili tukaumia. Mwendokasi alibadilisha kifaa kizima cha umeme ambacho hakikuwa na ubaya wowote, kumbe Bwana Jibu alikuwa anasoma namba ya hitilafu ya lifti ya aina nyingine. Mimi nami nilihangaika nusu siku nikitafuta kosa ambalo, nilipomwuliza baadaye kwa shingo upande, alilitaja kabla sijafuta jasho.

Basi tukaletewa mkufunzi, mama mmoja mwenye sauti ya mikwaruzo, asiyependa maneno mengi. Hakuanza kwa kutusifia mashine wala kutuogofya. Alituambia tumwulize Bwana Jibu namna ya kutengeneza breki za lifti fulani, akatupa na namba ya lifti hiyo. Jibu likaja zuri, limepangika, hata Mwendokasi akaanza kulinakili. Ndipo mama yule akatuambia kwamba lifti hiyo haipo duniani, namba ameitunga yeye asubuhi akipiga mswaki. Tulicheka, kisha Mwendokasi akakifuta alichokuwa amenakili.

Akasema tumchukulie kama fundi mgeni aliyesoma vitabu vyote lakini hajawahi kupakwa grisi. Fundi wa namna hiyo humfukuzi, ana faida, lakini humkabidhi funguo. Mpigie picha kibao cha mtengenezaji akione. Mwambie kama kuna watu ndani. Mwulize jibu amelitoa ukurasa gani, na ukurasa huo uufungue mwenyewe. Na kabla hujagusa kitu, mwulize ni nini ambacho haoni kutoka hapo alipo. Tulifanya mazoezi hayo mpaka yakawa kama kufunga kamba za viatu.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, mimi na Mwendokasi tuko chumba cha mitambo juu ya paa, tunatia mafuta. Ghafla lifti kubwa ya vitanda ikanyamaza. Ukifanya kazi hii unajua ukimya wa lifti iliyofika na ukimya wa lifti iliyokwama, na huu ulikuwa wa pili. Nikainua simu ya ndani inayoongea na abiria. Muuguzi akajibu kwamba wako kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, yeye, mhudumu wa kusukuma kitanda, na mgonjwa anayepelekwa upasuaji. Alisema kwa sauti ya mtu anayejilazimisha kuwa mtulivu kwamba shinikizo la damu la mgonjwa linashuka na madaktari wanamsubiri. Nyuma yake nilisikia mgonjwa akiguna.

Nikamwandikia Bwana Jibu namba ya hitilafu iliyokuwa ikiwaka. Papo hapo akajibu kwamba saketi ya milango, ule mkondo wa umeme unaoizuia lifti isiende mlango ukiwa wazi, imekatika, kwamba mara nyingi ni kigusio kilichochakaa, na kwamba naweza kukiruka kwa kipande cha waya, kisha niishushe lifti polepole hadi ghorofa ya pili, iliyo karibu zaidi. Mwendokasi alikuwa anasoma begani kwangu. Alisema hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua, akanipa waya ambao tayari alikuwa ameumenya ncha zote mbili.

Kaka, nilikuwa na sababu ya kuharakisha kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na nitakueleza. Niliuchukua waya. Ncha ya kwanza nikaifunga.

Kabla ya ncha ya pili nikaishika simu tena, nikapiga picha kibao cha mtambo, nikaandika kwamba ndani wamo watu watatu, mmoja mahututi, na nikamwuliza ukurasa. Akajibu kwamba utaratibu aliotoa ni wa kujaribu lifti tupu, na kwamba amekosea kunipa bila kuuliza. Akanitajia ukurasa wa kuokoa watu. Nikamwuliza lile swali la mwisho: nini hukioni? Akaandika hivi, nimekariri: “Siioni milango. Saketi inaweza kukatika kwa sababu kuna mlango uliofunguka kweli. Nani ameikagua milango yote kwa macho yake?”

Hakuna aliyekuwa ameikagua.

Nilimwambia Mwendokasi akimbie chini, ghorofa kwa ghorofa. Akafungua kinywa kubishana, akaniangalia usoni, akaenda. Nikabaki na simu mbili, moja sikioni na nyingine mkononi, muuguzi akiniuliza bado nini, nami namwambia bado kidogo dada, bado kidogo. Kisha Mwendokasi akapiga. Alikuwa anahema, na maneno yalimtoka moja moja.

“Mlango wa ghorofa ya pili uko wazi. Kuna mzee. Amechomeka kichwa na mabega ndani, anaongea na mgonjwa.”

Nilimwambia amtoe. Akasema anamtoa. Nikasikia mzozo, mzee akikataa kushikwa shati, kisha Mwendokasi akasema amemtoa, na mlango ameusukuma ukafungika, na amesimama mbele yake na hatabanduka. Lachi, yaani komeo la mlango, ilikuwa imelika hata mlango ukalegea na kuikwamisha lifti. Mtu mwenye vidole vyenye nguvu angeuvuta tu.

Niliung'oa ule waya. Nikafungua kitabu, ule ukurasa ulikuwepo kama alivyosema Bwana Jibu, neno kwa neno. Nikazima umeme wote, nikalishika gurudumu la mkono, nikaiachia breki kidogo kidogo na kulizungusha ili lifti ipande, mpaka alama ya rangi kwenye kamba za chuma ikanionyesha kwamba imelingana na ghorofa ya tatu. Wahudumu wakaufungua mlango kwa ufunguo. Nilisikia magurudumu ya kitanda yakikimbia, na simu ya ndani ikabaki inaning'inia bila mtu.

Kuhusu wanafunzi wako, basi, mimi nisingewanyang'anya simu. Ningewaamuru wamwulize kitu ambacho hakipo, wakione kinavyojibiwa kwa ufasaha, halafu ndipo wajifunze kumhoji. Ningeweza kuishia hapo, nawe ungenisifu mbele ya darasa lako. Lakini nisingekuwa nimekwambia ukweli.

Mgonjwa alikuwa Mama.

Tumbo lilimshika alfajiri, na daktari akasema utumbo umejisokota, lazima apasuliwe siku hiyohiyo. Alinikataza nisikwambie, akasema una mitihani ya wanafunzi na utaendesha gari kwa pupa. Lile guno nililolisikia kwenye simu nililitambua kabla muuguzi hajamaliza sentensi.

Na yule mzee alikuwa Baba. Walimwambia kwenye lifti hakuna nafasi, akapanda ngazi, na alipofika ghorofa ya pili akamsikia mkewe analia nyuma ya ukuta. Unaijua mikono ya Baba. Mtu aliyejenga nyumba za watu miaka yote hiyo hashindwi na mlango wa bati. Lifti ilikuwa juu tu ya kichwa chake, nami nilikuwa najiandaa kuishusha.

Tena kuna hili, ambalo hata Mwendokasi halijui. Ananisifu kwa kila mtu kwamba nilikuwa na moyo wa barafu, nikasimama nikauliza. Si kweli. Nilipojua ni Mama, sikutaka ukurasa wala nini. Niliipeleka ncha ya pili mahali pake, mkono ukatetemeka, ikakosa. Nikaipeleka tena, ikakosa. Nikaishika simu ili vidole vitulie, na kwa kuwa vilikuwa vimezoea kuuliza, vikauliza. Hiyo ndiyo busara yangu yote, kaka. Laiti mkono ungekuwa imara, ningemuua Baba nikimwokoa Mama.

Mama amepasuliwa salama. Walikata kipande cha utumbo, sasa anakaa mwenyewe na jana aliilalamikia chai, jambo ambalo daktari alisema ni dalili njema. Mlango ule tumeubadilishia lachi, na milango mingine yote tumeikagua. Taarifa nimeiandika, na waya nimeutaja.

Baba ndiye ninayemwogopa. Kila mgeni anayekuja kumwona Mama, Baba humsimulia jinsi alivyoufungua mlango wa lifti kwa mikono mitupu ili mkewe asiwe peke yake. Wageni hushangilia, Mama humshika mkono. Nami hucheka nao, kisha natoka nikasimame koridoni peke yangu. Sijui nimwambie jinsi alivyoponea chupuchupu au nimwachie furaha yake. Njoo tuamue wawili, hili kwangu ni zito.

Msalimie sana wifi, na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Wazazi wanakusalimu, ingawa hawajui kwamba nakuandikia. Ukiendesha, endesha polepole. Mama ametoka hatarini, sitaki mwingine aingie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba