Mchezo wa Karani, Mbwa wa Baba

Dadaab, kupitia Garissa
Jumapili mchana

Dada Mghoi mpendwa,

Nakusalimu wewe, Baba, na wote mlio hapo Mwatate. Mguu wako unaendeleaje, ule ulioteguka ulipokuwa ukimwinua Baba? Usiniandikie tena kwamba umepona halafu nisikie kwa watu kwamba bado unachechemea. Na Baba je? Anakula? Bado amegeukia ukutani? Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku nimeshakusimulia, sitalirudia. Lakini moyo wangu umejaa hasira, Dada, na nisipoitoa kwenye karatasi hii nitaitoa kwa mtu hapa ofisini nifukuzwe kazi.

Uliniuliza mbona nimekaa kimya miezi yote hii, ukaandika, "Labda umepata mtu huko." Sijapata mtu. Nimekuwa nikitengeneza mbwa.

Acha nieleze tangu mwanzo, usije ukadhani jua limenipanda kichwani. Unakumbuka barua uliyoniandikia mvua za El Nino zilipokuwa zikipungua? Ilikaa Garissa wiki nyingi kwa sababu barabara ilikatika, ikanifikia imelowa, wino umetambaa, na maneno ya kwanza niliyoweza kuyasoma yalikuwa, "Karani amekufa." Niliyasoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji. Halafu nikasoma kwamba Baba amegeukia ukutani, kwamba ule mpira wa mazoezi ya vidole aliopewa na muuguzi ameutupa chini ya kabati, na kwamba hataki kushikwa ule mkono wa kushoto uliolegezwa na kiharusi.

Nililia, lakini si kwa ajili ya mbwa peke yake. Nilimwona Baba akiwa pale sokoni, meza yake, kalamu yake, watu wamepanga mstari awaandikie barua na kuwajazia fomu, na Karani amelala chini ya meza kama karani wa pili. Nikakumbuka tabia yake ya viatu. Mgeni akija nyumbani kunywa chai, Karani anachukua kiatu kimoja, kimoja tu, anakwenda kukificha ili mgeni asiondoke. Mama, Mungu amrehemu, anatoka na ufagio. Baba anacheka mpaka anashika mbavu. Sijui kama nimewahi kumsikia Baba akicheka hivyo kwa jambo lingine lolote.

Sasa, hapa ofisini kulikuwa na daktari mgeni aliyemaliza mkataba wake, akaniachia kikompyuta cha mkononi. Kina ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Kina kioo cha kijivu, vitufe vinne chini yake, kijiti cha kuandikia, na kinakula betri mbili nyembamba. Kilikaa kwenye droo yangu muda mrefu, sina kazi nacho. Siku ile baada ya barua yako nikakitoa, nikabonyeza kitufe kwa kidole gumba cha kushoto, nikawaza: hiki Baba anaweza. Mpira hautaki kwa sababu ni dawa. Lakini ndani ya kioo hiki akiwemo Karani, na Karani hatembei mpaka Baba abonyeze, je, atakataa?

Basi nikaanza. Unajua kule chuoni Mombasa tulifundishwa kuiandikia kompyuta maagizo, lakini ya kuhesabu magunia, si ya kutembeza mbwa. Nilikuwa naandika maagizo hayo kwa kalamu nyuma ya fomu za zamani za mgao, halafu saa ya chakula, wenzangu wakienda kula, nayaingiza kwenye kompyuta ya ofisi na kuyapitisha kwa waya hadi kwenye kile kidogo. Mbwa mwenyewe ni vidoti vyeusi. Nilimchora wiki nzima. Nikamwonyesha Dekow, dereva wetu, akatazama, akasema, "Meza nzuri."

Wa pili aliyemwona ni Hodhan. Nimewahi kukuandikia habari zake, yule mwenzangu wa Garissa tunayekaa naye meza moja, anayeniletea anjera nikisahau kula. Wakati huo mbwa alikuwa ameshakuwa mbwa. Anatembea, anaingia nyumbani, anachukua kiatu, anakimbia kabla Mama hajamfikia. Hodhan akacheza kidogo, kisha akaniwekea kikompyuta mezani. Yeye huniita walaal, yaani ndugu, na ulimi wake wa Kisomali hugeuza v kuwa f, na mara nyingine p kuwa b.

"Wakio, walaal, kwa nini mbwa? Huku kwetu mbwa haingii nyumba. Weka mbuzi. Mbuzi pia anakula fiatu."

"Si mbuzi, Hodhan. Ni Karani."

"Kila mtu hapa atakuuliza."

"Sikutengenezea kila mtu!"

Nilimjibu kwa ukali, na yeye hakustahili. Baadaye nikamweleza habari za Baba, kiharusi, ukuta, mpira chini ya kabati. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishowe akasema, "Basi mbwa abaki nje. Fiatu si fiko nje, hapo mlangoni? Achukue huko huko. Akifuka mlango, ameboteza mchezo."

Dada, nilitaka kumkumbatia. Si ndivyo ilivyokuwa hata kwetu? Mama hakumruhusu kuvuka kizingiti mpaka Baba alipougua. Nikabadilisha, na mchezo ukawa mtamu mara mbili. Wageni wanaingia, wanaacha viatu mlangoni, wanakunywa chai. Karani ana muda wa kikombe kimoja. Hata Dekow aliacha kusema meza. Kuna siku alichelewa kumpeleka mgonjwa hospitali saa nane, nikamkuta amejibanza kwenye usukani anaiba viatu.

Labda hilo ndilo lililotufikisha kwa bosi. Tumeletewa bosi mpya, mtu wa ng'ambo, hana ubaya lakini hana subira. Alifungua kompyuta yangu akakuta maagizo ya Karani yamekaa katikati ya orodha za wakimbizi.

"Hii ni nini?"

"Ni mchezo, bwana. Naufanya saa yangu ya chakula."

"Kompyuta hii ni ya kuhesabu watu. Si ya mbwa."

Akafuta yote mbele ya macho yangu. Nilijiambia si neno, mchezo wenyewe uko kwenye kikompyuta changu, na kikompyuta kiko mfukoni. Nilikuwa nimebakiza likizo tu, nimpelekee Baba. Likizo hiyo imesogezwa mara mbili, na sasa wananiambia mpaka atakapopatikana mtu wa kukaa mahali pangu.

Wiki iliyofuata nikatumwa Liboi kuandika majina ya waliovuka mpaka. Kazi ikaisha salama. Tulipokuwa tunarudi, tukasimamishwa kwenye kizuizi, wote tukashuka, mifuko ikafunguliwa. Askari mmoja akakitoa kikompyuta.

"Mama, hii ni redio ya upepo, ya kupeleka habari?"

"Hapana, afande. Ni kikompyuta. Kina mchezo."

"Mchezo gani unachezwa mpakani? Washa nione."

Nikawasha. Huo ndio ujinga wangu. Alicheza akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya gunia. Akamwita mwenzake. Sisi tumesimama juani, kina mama tuliokuwa nao garini wana watoto migongoni, Dekow anafuta uso kwa kofia, na yule anapiga kelele, "Shika! Shika kile chekundu!" Dada, kioo hakina rangi. Nikamwomba anirudishie. Akasema mkubwa wake lazima akione kwanza, nikichukue kesho yake.

Kesho yake hapakuwa na gari. Wala keshokutwa. Siku ya tano Dekow akapita huko akanirudishia, kimefungwa vizuri kwenye gazeti, pamoja na salamu: "Mwambie yule mama mchezo wake ni mzuri sana, ila umezima wenyewe."

Haukuzima wenyewe. Betri ziliisha. Na kikompyuta hiki hukumbuka mambo kwa nguvu ya betri tu. Betri zikiisha na zisipobadilishwa haraka, kinasahau kila kitu. Nilitia betri mpya, kikawaka, kikaniuliza leo ni tarehe ngapi, kama mtoto aliyezaliwa leo. Hakuna Karani. Hakuna viatu. Hakuna Mama na ufagio wake. Na kwenye kompyuta ya ofisi bosi alishafuta.

Kompyuta ya kuingiza maagizo upya sikuwa nayo, na kwa hasira nilichukua zile fomu zote nilizoandikia nyuma, miezi yote ile, nikazitupa kwenye shimo la takataka linalochomwa kila Ijumaa. Nikakaa kwenye ngazi za ofisi. Hodhan akaja na chai, akasema, "Bole sana, walaal." Nami nikamjibu, sijui neno lile lilitoka wapi, "Wewe furahi. Mbwa wako uliyekuwa humtaki amekufa."

Aliweka kikombe chini akaondoka. Siku mbili hakusema nami ila mambo ya kazi. Kila nikitaka kumwomba radhi naona aibu, naandika majina ya watu, naandika vibaya, nafuta. Hasira zilikuwa kwa bosi, kwa askari, kwa likizo, kwa barabara, kwa wewe pia, nisamehe, kwa kuniandikia habari za Baba nikiwa siwezi kufanya lolote. Zote nikammwagia mtu aliyeniletea chai.

Siku ya tatu akaniwekea mezani bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi sita zangu, pembe zimeungua, zina majivu. Aliingia shimoni kuzitoa moto ulipokuwa umeanza, Dada. Mtu ambaye nguo zake ni safi kama za harusi kila siku.

"Nyingine zimeungua," akasema.

Nikamwomba radhi. Nikamwambia, "Na wewe hutaki hata kumgusa mbwa."

Akacheka, akasema, "Huyu wa karatasi hana mate."

Karatasi sita hizo ni za Karani kutembea na Karani kukaa. Za viatu, za wageni, za Mama, zote zimeungua, na kichwani mwangu zimebaki vipande tu. Hodhan ana binamu yake Garissa mjini anayefundisha watu kupiga taipu, na ana kompyuta moja. Tulikwenda Jumamosi mbili. Ya kwanza umeme ulikatika tulipokaa tu, tukangoja tukinywa chai hadi msafara wa kurudi ukatuita. Ya pili nikafanya kazi bila kuinua kichwa, binamu mtu ananipepea kwa daftari la wanafunzi wake. Ya tatu, iliyokuwa jana, njia ilifungwa, hakuna gari lililotoka. Niliingia chumbani nikapiga godoro ngumi kama kichaa.

Na kesho alfajiri kaka yake Hodhan anaondoka na lori la mbuzi, anapitia Nairobi, anateremka Mombasa kwa njia ya Voi. Atamwachia mzigo shangazi pale anapouza mitumba stendi ya Voi. Lori jingine sijui lini. Basi nimeamua kukituma hivi hivi. Si mchezo niliotaka. Hakuna cha kushinda wala kushindwa. Ni mbwa tu.

Sikiliza nikueleze, usome polepole. Kitufe ni cha kwanza kushoto, nimekipaka rangi ya kucha. Baba akibonyeza, Karani anatembea. Akibonyeza tena, anakaa na kumtazama. Basi, hayo tu. Betri nimezifunga nne pembeni, ubadilishe kila Jumapili kabla ya kanisa, na uzibadilishe upesi, utoe na kutia hapo hapo, usiache kuongea na majirani. Nimekuandikia pia kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa pamoja nacho.

Usimwambie ni mazoezi. Usimwambie chochote. Kiweke kitandani upande wa mkono wake wa kushoto, kikiwa kimewashwa, halafu toka uende jikoni. Asipokigusa leo usinichukie, na usikiondoe. Kiache. Akikitupa chini ya kabati kama ule mpira, kitoe ukiweke tena. Mimi sijui kama kitafaa, Dada. Huenda nimepoteza miezi yote hii, na ingekuwa afadhali ningekuwa nakuandikia wewe unayemgeuza na kumwosha kila siku. Hilo nalijua, na linaniuma.

Nisalimie shangazi wa Voi atakapokuletea mzigo huu, na umshukuru kwa niaba yangu. Nisalimie mjomba mwenye kinu, mkewe, na jirani yetu anayekusaidia kumwinua Baba asubuhi. Mwambie muuguzi wa zahanati kwamba mpira wake haujadharauliwa. Hodhan anakusalimu sana, anasema mguu uukande kwa samli ya moto. Dekow naye anasalimu, ingawa hamjuani.

Tena jambo moja kabla sijafunga bahasha. Kaka yake Hodhan amekuja kuchukua mzigo, amesimama mlangoni ananihimiza na sina muda zaidi. Karani hana mkia. Ulikuwa kwenye karatasi zilizoungua, na kila nilipojaribu kuutia upya mbwa mzima aliganda, hatembei wala hakai, nikauacha. Baba ataona. Unamjua, hata barua ya mtu mwingine hakuipitisha ikikosa nukta. Akikutazama kwa lile jicho lake la kuuliza, mwambie Wakio amesema mkia bado, na kwamba, likizo nipewe au nisipewe, nakuja nyumbani mwisho wa mwezi kuutia mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Wakio