Chai Nayo Ni Chakula

Kisangani, Jumapili

Papa mpendwa,

Nasema wazi kabla ya salamu, na neno hili nitalitetea hadi mwisho: chai yako ni chakula. Sasa nakusalimu kwa heshima. Mko na amani hapo Kindu? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, au nilidhani hivyo.

Dada Zaina, anayekusomea barua hii, aliniandikia kwamba daktari alikuta mafuta mengi katika damu yako, nawe ukawaambia wazee wa barazani kuwa mashine inasema uongo: ugonjwa huo ni wa wakubwa wenye vitambi, wewe ni mwembamba, hunywi bia, na siku ya kupimwa hukula kitu, ulikunywa chai tu.

Nilicheka. Halafu nikakumbuka kwamba Babu na Baba Mkubwa walikuwa wembamba, na wote wawili walianguka ghafla, mkono kifuani. Nikaenda kupimwa mimi mwenyewe.

Mpimaji wa damu, mtu wa Maniema kama sisi, aliyesoma kwenye kadi yangu kwamba mimi ni mwalimu, aliniuliza, "Citoyen, ulikula?"

"Hapana. Nilikunywa tu chai."

"Na sukari?"

"Vijiko vinne."

"Bon, ulikula. Rudia kesho, tumbo wazi. Diplome yote ile, na haujui chai?"

Nilirudi kesho yake na njaa na aibu. Mafuta yalikuwa juu vilevile. Daktari akanieleza kwamba yapo ya aina mbili. Kolesteroli hutengenezwa na ini lenyewe, na nyama ya mafuta na mawese huiongeza. Trigliseridi hupanda kwa pombe, naam, lakini hata kwa sukari. Wengine huzaliwa na mwelekeo huo, wawe wanene au wembamba, na hakuna maumivu mpaka mshipa uzibe.

Sasa samaki nachemsha, shuleni naenda kwa miguu, na chai nakunywa bila sukari. Mama mwenye nyumba anadhani nimeachwa na mchumba.

Papa, hapa sikushindi. Tumekosea kosa moja. Ila sitaki kuitwa Kindu kwa telegramu.

Nisalimie Mama, na Shangazi mkaanga mandazi, anisamehe kwa kuyaacha. Nisalimie pia wazee wa barazani. Mbele yao uliisingizia mashine. Mbele yao nijibu. Zaina aisome barua hii hapo hapo, nawe useme kwa sauti: unatia vijiko vingapi, na ni siku gani utarudi kupimwa bila chai?

Mwanao Saidi, mwenye damu yako