Betri ya Kaka Nassor

Basi hiyo betri ya volti kumi na moja usiinunue, kaka, hata huyo muuzaji wa Nizwa akikupunguzia bei. Iache dukani. Nitakueleza kwa nini, tena kwa kirefu na kwa kalamu, maana siku hizi kwenye simu hata sijamaliza salamu unasema, "Haya, Mama huyu hapa."

Shikamoo kaka yangu. Hujambo? Mgongo wa Bibi unaendeleaje, na yale macho? Najua barua hii utamsomea yeye kwa sauti, kwa hiyo shikamoo na wewe Bibi, kaa vizuri. Mama anakula, au bado anajifanya ameshiba mpaka wengine wamalize? Sisi huku Sur wazima, alhamdulillahi. Huu mtaa wetu wa Aija joto lake lina chumvi, nguo nikizianika zinakauka na bado zinanata, lakini mimi, kaka, nina furaha mpaka naona haya. Mwezi wa nne huu tangu harusi, na bado nikisikia miguu ya Khalfan kwenye ngazi nakimbilia kioo kwanza. Mama mkwe ananicheka: "Ni yule yule aliyetoka asubuhi, mwanangu, hawakutubadilishia."

Sasa habari ya betri. Mama alinipigia Jumamosi, sauti ya chini kama mtu aliyejificha jikoni.

"Zuwena, mtu akiwa na bunduki ya mchezo, ile ya umeme ya kutoa vidonge vya plastiki, anunue betri gani?"

"Mtu gani, Mama?"

"Mtu tu."

"Mtu huyo ana ndevu?"

Nikasikia anafunga mlango. Kisha akasema, "Usimwambie nimekwambia. Ameniambia niulize kana kwamba ninayeitaka ni mimi. Muuzaji wa hapa anamsifia ya volti kumi na moja, naye anaitamani."

Mama yetu, kaka! Na bunduki ya umeme! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nisamehe, na yeye msamehe, siri haikai kwake.

Nikashuka kwa Khalfan. Unajua karakana yake iko chini ya nyumba, na mezani kwake hapakosi gari la rimoti lililofunguliwa tumbo, au droni ya mtu iliyoangukia mtende. Fundi wa midoli, kama ulivyomwita. Sikukumbushi kwa kukusuta. Nimezoea kulisikia, na sasa nalipenda.

Nikamwuliza kama Mama alivyoniuliza. Akasema, "Nani anataka kujua?" Mimi uongo kwake siwezi, uso unanisaliti. Nikasema, "Nassor."

Akaweka bisibisi chini. "Nassor wetu?"

Wetu, kaka. Hivyo ndivyo alivyosema. Ilibidi nigeuke nijifanye natafuta kitambaa.

Halafu akaanza kuuliza maswali kama daktari. Bunduki ina umri gani? Giya za ndani ni zile zile za kiwandani? Betri inakaa nyuma kwenye kitako au mbele chini ya mtutu? Nikamwonyesha picha aliyoituma Mama, bunduki imelazwa mezani karibu na sahani ya mchele. Akaikuza, akaitazama.

"Hiki kidole ni cha Mama?"

"Ndiyo."

"Mwambie kidole kizuri, lakini kimekaa juu ya plagi."

Mama akapiga nyingine tano, tatu zikawa za sakafu. Kwa zile mbili Khalfan akaona anachokitaka: giya za kiwandani, plagi ndogo nyeupe, nafasi ya kutosha kwenye kitako. Nikadhani tumemaliza. Akaniuliza, "Na yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani?"

Nikasema, "Hilo na betri wapi na wapi?"

"Hilo ndilo swali lenyewe," akasema. Akanieleza hivi, na mimi nakuandikia kama nilivyomfahamu. Ziko betri za lipo, nyepesi na zenye nguvu, lakini zinataka mtu makini. Zina chaja yake maalumu, hutazichaji ukaondoka, hutazitumia mpaka ziishe kabisa, na ukiziacha kwenye gari juani zinavimba na zinaweza kuwaka moto. Na ziko za nikeli, nzito kidogo, nguvu yake ya wastani, lakini mtu akizisahau hazimfanyii makuu. "Sasa Nassor ni mtu wa kukumbuka vitu?"

Kaka, nifanyeje? Nikazikumbuka tende zilizoyeyuka kiti cha nyuma mpaka gari likanuka mwaka mzima. Miwani ya Bibi iliyopinda mbele ya usukani. Nikaikumbuka na ile Ijumaa uliyonipeleka soko la mbuzi, nikiwa na miaka tisa, ukarudi nyumbani na mbuzi, mimi umeniacha kwa muuza halua. Nikamsimulia yote. Khalfan akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Basi nikeli. Volti nane na nukta nne."

Hii ya kumi na moja unayoitamani wewe naijua vizuri, kwa sababu niliinunua mimi. Mwezi wa kwanza wa ndoa nilitaka kumshangaza mume wangu. Na yeye ana bunduki kama yako, ya zamani, anachezea na wenzake Ijumaa kwenye uwanja wenye kibali, wamevaa miwani yao ya kukinga macho. Nikaenda dukani peke yangu. Nikaona betri hizi namba saba, hizi nane, hii kumi na moja ina picha ya radi. Nikasema mume wangu hapewi saba. Nikachagua kama tunavyochagua friji.

Nikamletea imefungwa utepe. Akaisoma, akanitazama. Nilikuwa nimesimama mbele yake naruka ruka kama mtoto wa sikukuu. Akaniambia, "Ahsante, roho yangu," akaitia, akatoka nayo uani. Vidonge vikamwagika kama mvua juu ya bati, mimi napiga makofi, mama mkwe anapiga kelele tumemtia matundu kwenye shuka. Halafu ikasikika *krrr* moja mbaya, na kimya.

Alipoifungua, meno ya giya yalikuwa yamekwanguka yote, laini kama sabuni. Nikalia. Ndipo nikagundua kwamba hakushangaa hata kidogo.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua giya zile haziwezi kasi hiyo. Nilidhani zitavumilia dakika mbili tatu."

"Sasa kwa nini uliitia?"

"Giya zinauzwa," akasema. "Vile ulivyokuwa umesimama pale, nitavinunua wapi?"

Bibi, hapo ukitaka mwambie Nassor aruke, lakini najua hutaki. Ile giya mbovu ameitoboa, ameitia kwenye funguo zake, anatembea nayo mji mzima. Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye, kaka. Nimekuwa natafuta njia ya kukueleza yukoje tangu siku ile, na sikupata nyingine iliyo bora kuliko hii.

Siku ile unaijua. Wazee wa Khalfan walipokuja Nizwa kuniposa, baba yake alipopewa kahawa aliiweka chini hakuinywa, kama desturi, kuonyesha ana haja. Ukumbi mzima ukakutazama wewe, uliyekaa mahali pa marehemu Baba. Ukasema, "Kunywa, haja yako imekubaliwa." Mimi nyuma ya mlango nilikuwa nusu nizimie kwa furaha. Kisha ukanikuta kwenye ukumbi mdogo ukaniambia, "Nimelisema kwa ajili ya Mama. Si kwa ajili yake." Ukaondoka.

Sikumwambia mtu. Nilidhani Khalfan hajui. Kumbe anajua, kaka, tangu siku hiyo hiyo, kwa jinsi ulivyompa mkono ukiwa umetazama pembeni. Hajakulaumu hata siku moja. Aliniambia tu, "Amemlea dada yake, leo anakuja mtu na bisibisi anamchukua kumpeleka Sur. Na mimi ningetazama pembeni." Lakini juzi, alipokuwa anaipima betri yako, nilimwona anaitoa na kuirudisha, anaitoa na kuirudisha, mtu ambaye kazi hiyo anaifanya amefumba macho. Nikajua ana wasiwasi, na si wa betri.

Maana betri ameshaipata. Ameichagua mwenyewe, ameibadilisha plagi iwe kama yako, ameichaji na kuitumia mara tatu kwenye bunduki yake aliyoitia giya mpya, na chaja yake iko pembeni. Nikamwambia nimpe mtu anayekwenda Nizwa akuletee. Akakataa. "Nataka nimtilie mwenyewe," akasema. "Nyaya zake zikibanwa vibaya zitakatika." Zinaweza kukatika, ni kweli. Lakini umeelewa.

Msalimie sana Mama, mwambie siri yake ilikaa kwangu saa moja nzima. Bibi mbusu mikono yote miwili kwa niaba yangu. Wifi yangu, mkeo, mwambie ule mkate wa mofa alionifundisha sasa unaliwa Aija na unasifiwa, na sifa nazichukua mimi. Na yule muuza halua aliyenikalisha kwenye kiti chake siku uliyonisahau, akiwa bado yupo sokoni, mwambie nimekua, nimeolewa, na nina furaha.

Mimi mdogo wako,
Zuwena, mke wa fundi wa midoli

Nilishafunga bahasha, nimeifungua tena. Tunakuja, kaka, kabla mwezi huu haujaisha, siku ya Alhamisi baada ya kazi, tulale kwenu. Utatukaribisha, utamimina kahawa, najua, hukosi adabu. Khalfan ataipokea, na ataiweka chini. Safari hii hakuna wazee, wala hataki kitu ulichonacho, mimi ameshapewa. Usimwulize kama kahawa ina uchungu. Mtazame usoni, umwambie anywe, na safari hii uliseme kwa ajili yake.