Jani la Isale Mbele ya Karani Mpya

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Sheria imepita! Mahakama za wenyeji zitaongezewa makarani, na kila linalotendeka barazani litaandikwa, si hukumu peke yake. Sisi tumepata Solomoni, kijana wa Oldonyo Sambu. Mzee Sumari wa baraza letu ananung'unika: sasa hata tukipiga chafya Serikali itajua. Mimi nimefurahi. Tulipohamishwa kule chini kupisha shamba la mzungu, hakuna aliyeandika neno letu hata moja. Sijalisahau hilo.

Keshokutwa shauri langu. Philemoni anakitaka kihamba, shamba langu la migomba na kahawa, alichonipa marehemu baba yake nilipofika huku sina pa kulala. Anadai niliazimwa tu.

Jumatano, 5 Agosti

Nimetoka barazani sasa hivi.

Nilikwenda na jani la isale, nikampa Philemoni mbele ya wazee. Ndivyo tufanyavyo Wameru: mkubwa humtangulizia mdogo isale, hasira ishuke, ndipo shauri lianze. Solomoni si Mmeru. Akauliza, jani la nini hilo? Philemoni upesi: "La kuomba msamaha, karani!" Wazee wakacheka — maana hata kuomba msamaha huwa kwa isale. Nami nikacheka!

Mwisho Solomoni akasimama, akasoma: "Mdaiwa amekiri kosa na kuomba msamaha." Nikasema sikukiri kitu. Hakimu akanijibu taratibu: nilimsikia Philemoni, nikacheka, sikukanusha. Na kilichoandikwa hakifutwi kwa mdomo. Hukumu Jumatatu.

Nje, Philemoni: "Shikamoo, baba. Si wewe uliyetusifia hii sheria?"

Nilicheka. Kwa nini nilicheka!

Ijumaa, 7 Agosti

Solomoni alikuja asubuhi, kofia mkononi. Sumari amemweleza desturi yetu, na macho yake hayakuinuka. Yuko tayari kuandika sahihisho — ila Philemoni lazima akubali mbele ya hakimu. Akubali! Philemoni huyo yumo kihambani sasa hivi, anapaka mibuni yangu chokaa, mmoja baada ya mwingine, alama kwamba ni yake, anapiga mluzi.

Kahawa imeiva, imeanza kudondoka. Mke wangu Penina ananiuliza, "Baba Anaeli, tuchume au tuache?"

Nikichuma, itaandikwa nimeiba. Nisipochuma, itaandikwa nimekubali.

Bado amesimama mlangoni na kikapu. Anauliza tena.