Ng'ombe Mwekundu wa Nyangeta

Mjukuu wangu Nyamisi,

Hapa Bugwema hatujambo, na mama yako mdogo amejifungua salama. Unauliza lile neno la Kigiriki la kushuhudia, mnalofundishwa huko chuo cha Biblia, mimi nalielewaje.

Enzi za Mwingereza, rafiki yangu Magesa alimwoa Nyangeta, binti niliyempenda mimi. Nilimsaidia kuswaga ng'ombe wa mahari huku wivu ukinikaba. Baadaye baba mkwe wake akadai: ng'ombe mmoja wa mahari, yule mwekundu, hakufika, binti arudi. Wazee wakaniuliza, "Wewe ulikuwepo. Uliona nini?"

Ningenyamaza tu, Nyangeta angekuwa huru.

"Nilimwona ng'ombe mwekundu akiingia zizini," nikasema.

Mpaka leo nikimsikia Magesa akimwita mkewe, roho inaniuma. Lakini ng'ombe aliingia.

Babu yako