Katamarani na Mtu Aliyesema Hajawahi Kuipanda

Jumapili, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na wapangaji wa ploti nzima wameanua nguo zikiwa nusu mbichi. Mabega yangu yanababuka kwa jua la pwani. Mama amenipaka mafuta mara mbili na bado yanawasha.

Nataka kuandika habari za safari yetu sawasawa. Mwalimu Nekesa hutuambia tuandike tulichokiona kabla ya kuandika tulichokifikiria. Nitajaribu, ingawa safari nzima kazi yangu ilikuwa kufikiria.

Nianze na Bwana Musyoka.

Ni dereva wa lori katika ghala moja kule Industrial Area. Alianza kuja kwetu mwaka jana, Jumapili baada ya kanisa, akiwa na mfuko wa maembe au ndizi. Huniita "mwalimu" kwa sababu siku ya kwanza nilimsahihisha Kiswahili chake mbele ya mama. Hakukasirika. Alicheka, akairudia sentensi vile nilivyomwambia. Tangu siku hiyo nimemtilia shaka. Mtu mzima anayekosolewa na msichana wa Kidato cha Tatu kisha akacheka lazima awe anatafuta kitu.

Anachokitafuta nilikijua mwezi huu. Anataka kwenda na wazee wake kwa wajomba zangu, magharibi, kuzungumza habari za mama. Baba alifariki nikiwa chekechea. Mama aliniambia tukichambua mboga, bila kuinua macho.

"Mimi nimeshajibu nusu, Nafula. Nusu nyingine ni yako. Ukisema hapana, itakuwa hapana, na sitakuuliza kwa nini."

Jibu lilikuwa liwe tayari leo, akija kula chakula cha mchana.

Sasa safari. Juu ya televisheni yetu kuna kalenda ya zamani ambayo mama hataki kuitoa kwa sababu inaficha ufa. Picha yake ni katamarani: chombo cheupe chenye matumbo mawili yaliyounganishwa, tanga moja kubwa, na mbele wavu ambao mtu anaweza kulala akiyaona maji chini yake. Nimeitazama picha hiyo tangu shule ya msingi. Siku moja Bwana Musyoka aliniuliza ile ni nini. Nikamwambia ni katamarani, basi. Sikusema kwamba ninaipenda. Miezi mitatu baadaye akaja na habari kwamba likizo hii tutaenda Mombasa sote, na siku moja tutazungushwa kisiwani kwa katamarani.

Furaha niliyoisikia sikuionyesha. Niliificha kama peremende darasani.

Mama Brayo, jirani wa mlango wa pili, hakuificha yake. Alituona tukishuka ngazi na mabegi akamwambia mama, "Aki Mama Nafula, huyo anajua kupanga safari. Ungeuliza alijifunzia kwa nani."

Mama alicheka tu. Mimi nililibeba neno hilo mpaka pwani.

Kwenye treni nilimwuliza Bwana Musyoka, kwa heshima kabisa, kama amewahi kupanda katamarani. Alisema hapana. Alisema yeye hufika bandarini, hupakia, hugeuza lori. Chombo cha majini anachokijua ni feri ya Likoni, tena akiwa ndani ya lori.

Nilimwamini karibu siku nzima.

Tulilala kwa binamu ya mama, Likoni. Bwana Musyoka alilala kwa dereva mwenzake. Ijumaa asubuhi alitupeleka ufuoni, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunikera.

Mbele ya chombo alisimama mfanyakazi mmoja na kreti ya plastiki, akiomba kila mtu avue viatu avitie humo. Hakuna anayepanda na viatu. Kreti inabaki mchangani, chini ya mwavuli, mpaka mrudi jioni. Watalii wawili wazee walivua makubazi yao ya ngozi wakayatupa humo bila kugeuka.

Mimi na mama tulitazamana.

Anayekaa Huruma ataelewa. Kwetu kiatu hakiachwi nje. Ukikiacha kwenye koridoo ukaingia kunywa maji, ukitoka utakikuta kimoja, na hicho kimoja ni kwa sababu mwizi ameitwa na mamake. Ndiyo maana ndani ya mlango wetu kuna rafu ya viatu. Sisi tunavua na kuweka pale. Mgeni hatumvui viatu. Tunamwambia, "Ingia tu na viatu," halafu akienda mimi napiga deki. Bwana Musyoka ameambiwa ingia tu na viatu mwaka mzima, na mwaka mzima nimepiga deki.

Kabla hatujasema lolote, alitoa kwenye begi lake mfuko wa kitambaa wenye kamba. "Wekeni hapa," akasema. "Mtavibeba wenyewe." Vyake, vile vyeusi vya Jumapili, akavitia kwenye kreti.

Mama alifurahi. Mimi nilijiuliza alijuaje. Mtu ambaye hajawahi kupanda katamarani amejuaje, tangu Nairobi, kwamba viatu vitavuliwa?

Tukapanda. Nahodha alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya ukindu, wakimwita Bakari. Aliwapa watalii mkono, akampa mama mkono, akafika kwa Bwana Musyoka akatabasamu.

"Karibu tena, mzee wa ndimu."

Bwana Musyoka akakohoa, akatazama mlingoti kana kwamba unahitaji kukaguliwa. Mama alikuwa ameinama akifunga mfuko wa viatu mara ya pili, hakusikia.

Mimi nilisikia. Alisema "tena".

Kuanzia hapo sikuwa mtalii, nilikuwa polisi. Nilimwona akimwelekeza mama upande wa kushoto kwa sababu "maji hayarushi huku." Nilimwona akiinamisha kichwa kupita chini ya ile boriti ya tanga kabla mtu hajatuonya. Nahodha alimpa ndimu iliyokatwa bila kuombwa, naye akaipokea bila kushangaa. Kila nilichokiona kilikuwa na mwanamke mwingine ndani yake. Nilimpa gauni la maua. Nilimpa miwani ya jua. Nilimketisha pale pale kushoto alipoketi mama.

Na uzuri ulikuwepo, hilo lazima niliandike pia. Ndani ya mwamba wa matumbawe bahari haina mawimbi. Ni kama beseni kubwa la maji ya kijani ambalo mtu amelisugua likang'aa. Nililala kwenye wavu. Kivuli chetu kilipita juu ya mchanga na nyasi za chini, na samaki wembamba wakakikimbia. Kisiwa kilizunguka polepole, mikoko upande mmoja, mchanga upande mwingine. Ilikuwa kalenda yangu, ila hii ilikuwa na harufu.

Nilichukia kwamba nilikuwa naifurahia zawadi ya mtu ambaye labda ni mwongo.

Saa za mchana tulitia nanga kwenye fungu la mchanga lililojitokeza katikati ya maji. Hakuna mtu mwingine pale, hakuna mti, hakuna hata mbwa. Mama alishuka na mfuko wa viatu begani.

"Mama Nafula," Bwana Musyoka akamwambia, "hapa ataiba nani? Kaa?"

"Wewe hujui kaa wa hapa wametoka wapi," mama akajibu, akaendelea kutembea na mfuko wake.

Walienda kutazama viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, kwenye maji ya kina kifupi. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nilichukua sahani, nikamfuata nahodha aliyekuwa akichoma samaki, nikamwamkia, nikamwuliza moja kwa moja.

"Yule mzee alikuja hapa zamani. Alikuja na nani?"

Nahodha aligeuza samaki kwanza.

"Na ndoo, mwanangu."

Sikuelewa. Akacheka mpaka kofia ikasogea.

"Wallahi, na ndoo. Peke yake. Mwezi uliopita. Tangu tunatoka mpaka tunarudi ameikumbatia, nasi twampa ndimu anuse. Nikamwambia bwana, shuka upumzike hapa mchangani. Akashuka, akapima kina cha maji kwa mguu. Kisha akarudi kuniuliza maswali. Hapa mtu akianguka asiyejua kuogelea? Hii boriti yagonga watu? Jaketi la kuelea la msichana wa miaka kumi na sita lipo, au yapo ya watu wazima tu? Nikamwuliza, una binti? Akaniambia, bado sijajua."

Nilisimama pale na sahani yangu.

Bado sijajua.

Unaweza kudhani shaka yangu ilikwisha hapo. Haikwisha. Nilijiambia watu hupangwa. Mtu anaweza kumwachia nahodha kitu kidogo na hadithi nzuri. Mama Brayo angesema hivyo, na Mama Brayo ameolewa mara mbili. Nilimla samaki wangu nikimtazama Bwana Musyoka, naye alikuwa akitazama upeo wa bahari kama mtu anayengoja jina lake lisomwe.

Jina lilisomwa tulipokuwa tukirudi. Upepo uliongezeka, tukapita karibu na mlango wa mwamba ambapo mawimbi ya nje huingia kidogo. Chombo kiliinuka, kikashuka. Watalii wakapiga makofi. Bwana Musyoka akawa na rangi ya majivu. Alijaribu. Alinusa ndimu, akafunga macho, akashika kamba. Kisha akasema kwa adabu, "Samahani, Mama Nafula," na nahodha akawa tayari amemletea ndoo.

Kutapika kule hakungeweza kupangwa na mtu yeyote.

Mama alimshikia ndoo kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa bado kwenye mfuko wa viatu. Na alikuwa anacheka. Hakumcheka yeye hasa. Alicheka kicheko ambacho mimi sikijui, cha mtu mwenye umri mdogo kuliko mama yangu. Naye Bwana Musyoka, katikati ya shida yake, akainua kichwa kusikiliza.

Ufuoni kreti ilikuwa pale pale. Hakuna kiatu kilichopotea. Mama aliitazama kwa muda, nadhani alisikitika kidogo.

Jana kwenye treni, mama akiwa amesinzia, nilimkabili Bwana Musyoka. Sikutaka kuingia Nairobi na swali mdomoni.

"Ulisema hujawahi kupanda katamarani."

Hakujitetea haraka. Alisugua magoti. "Nilisema."

"Ulikuwa uongo."

"Ulikuwa uongo, mwalimu. Ningesema nimepanda, mamako angeuliza ilikuwaje. Ningemwambia nimetapika hadi kamasi, asingekubali mje. Halafu ile picha yenu ingebaki ukutani tu." Akaongeza: "Na sikutaka kuwapandisha kitu ambacho sijakijaribu."

"Bado ni uongo."

"Bado ni uongo. Niwekee alama yake."

Nilimwekea. Usiku kucha nimekuwa nikiigeuza alama hiyo. Sipendi kudanganywa, hata kwa wema, kwa sababu anayedanganya kwa wema hujifunza kwamba inawezekana. Lakini nimejiuliza pia, ni nani mwingine amewahi kuniulizia saizi ya jaketi la kuelea? Nimetafuta. Kuna mama. Baada ya mama kuna kimya.

Leo mchana alibisha mlango. Niliijua ile hodi yake, mbili halafu moja. Mama alikuwa jikoni akisonga ugali, na mimi ndiye niliyefungua. Alikuwa amelowa mabegani kwa manyunyu, mfuko wa ndizi mkononi. Hakuniuliza kitu. Aliniamkua tu, "Habari ya leo, mwalimu," akasubiri.

Mama akaita kutoka jikoni kama siku zote, "Ingia tu na viatu."

"Hapana," nikasema. "Vua."

Bwana Musyoka alitazama miguu yake, halafu akanitazama mimi. Nilidhani hajaelewa. Kisha nikaona tatizo lilipokuwa: alipovua kiatu cha kulia, kidole gumba kilikuwa kimetoboa soksi.

"Ningejua, ningevaa zile zingine," akasema kwa sauti ya chini.

Jikoni mwiko ulikuwa umenyamaza.

"Nafula, umemwambia nini mgeni?"

"Nimemwambia avue viatu, mama."

Nilivichukua vile viatu vyeusi, vikiwa bado na chembe za mchanga kwenye mshono, nikavipangusa na kuviweka kwenye rafu kati ya vyake mama na vyangu. Ilibidi nisogeze raba zangu za shule kidogo. Kisha nikasikia mwiko ukianza tena, kwa nguvu kuliko kawaida, kama ugali umemkosea mtu.

Sitaki mtu afikiri nimemaliza. Kesho nitaanza kumchunguza upya, na wiki ijayo pia, na akienda kwa wajomba nitaketi mahali ninapomwona vizuri. Swali moja nimeshamwandalia: kama kuna jambo lingine amelijaribu peke yake akatuficha, na kama lilihitaji ndoo.

Lakini leo, baada ya yeye kwenda, sikupiga deki. Sakafu haikuwa na alama hata moja.